Muulize Fundi: Harufu ya kuungua kwenye kabati la inveta

Shikamoo fundi. Ninaendesha zahanati ndogo. Stoo yetu ina mtambo wa umeme wa paneli za jua: inveta ya kilowati 5, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe vifaa vya kawaida, na betri za volti 48, vyote vimewekwa ndani ya kabati la mbao lenye milango ili watoto wasiguse. Siku hizi ikifika alasiri, friji ya chanjo na mashine ya kutakasia vifaa zikifanya kazi pamoja, nasikia harufu kama ya plastiki inayoungua. Jioni inapotea. Aliyetufungia mtambo anasema tununue kimtungi cha kuzima moto kinachojifyatua chenyewe, kibandikwe ndani ya kabati, basi tutakuwa salama. Ni kweli? — Mwenye zahanati

Marahaba. Kabla hujamaliza kusoma jibu hili, hamishia chanjo kwenye kasha la baridi, kisha uzime mtambo. Anza na vifaa vinavyotumia umeme, halafu inveta, halafu swichi ya paneli, na betri ziwe za mwisho. Usiuwashe tena mpaka fundi aufungue na kuukagua. Ukisikia harufu hiyo, ujue kuna kitu kimekwisha kuanza kuungua.

Maelezo yako yenyewe yananionyesha pa kutafuta. Inveta ya kilowati 5 ikibeba mzigo wake wote kwa betri za volti 48, inavuta zaidi ya ampea 100. Sasa chukua kiungio kimoja kilicholegea, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, ambao mita ya kawaida ya fundi haiuoni vizuri. Ampea 100 zikipita hapo, zinazaa joto la wati 100 mahali padogo kama ncha ya kidole. Mkondo ukishuka hadi nusu, joto linashuka hadi robo, yaani wati 25. Ndiyo maana unaisikia harufu alasiri mashine mbili zikiwa kazini, na jioni huisikii. Ubovu haujaondoka, umepunguziwa mzigo tu.

Fundi atakayekuja aanze pale nyaya nene za betri zinapofungwa, kwenye inveta, kwenye fyuzi na kwenye betri zenyewe. Asitosheke kuangalia kwa mbali. Aondoe kifuniko na amulike kwa tochi. Kiungio kilichopata moto hujitambulisha: shaba iliyokuwa inang'aa imekuwa ya kahawia au zambarau, plastiki ya waya imerudi nyuma na kukauka, ukiikunja inapasuka, na skrubu imefifia rangi kuliko wenzake. Mara nyingi chanzo ni lagi, yaani kile kichwa cha chuma cha ncha ya waya, iliyogongwa kwa nyundo badala ya kubanwa kwa mashine yake, au waya wenye nyuzi laini uliofungwa chini ya skrubu bila lagi kabisa. Nyuzi hizo hujilaza kidogo kidogo kila waya unapopata joto na kupoa, na skrubu iliyokazwa vizuri siku ya kwanza inabaki imelegea.

Akikuta hali hiyo, kukaza peke yake hakutoshi. Shaba iliyoungua ikatwe mpaka ionekane inayong'aa, iwekwe lagi mpya, ikazwe kwa spana ya kupimia nguvu kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha inveta. Halafu mtambo ubebeshwe mzigo, na joto lipimwe. Alinganishe waya chanya na waya hasi: mkondo unaopita ni ule ule, kwa hiyo joto la viungio vyake linatakiwa kukaribiana. Kimoja kikizidi mwenzake kwa nyuzi joto 20 za Selsiasi, kazi haijaisha. Akitumia kipimajoto cha kuelekeza, asikielekeze kwenye chuma kinachong'aa kwa sababu kinadanganya. Abandike kipande cha utepe mweusi apime hapo.

Kabati la mbao litoke. Hili silegezi hata kidogo. Inveta yenyewe inageuza sehemu ya umeme kuwa joto, na ikipoteza asilimia 7 tu ya kilowati 5, hizo ni wati 350 ndani ya sanduku lililofungwa, tena sanduku linaloshika moto. Ifungwe kwenye ukuta wa tofali au zege, iachiwe nafasi ya hewa kama kitabu chake kinavyosema, mara nyingi sentimita 30 hadi 50 juu na chini. Nafahamu unawahofia watoto, na ni haki yako. Wazuie kwa kufuli la mlango wa stoo au wavu wa chuma unaopitisha hewa. Na kama betri zako ni zile za kuongezwa maji, inveta isikae juu yake: zinapochajiwa hutoa haidrojeni, nayo huweza kulipuka ikifikia asilimia 4 ya hewa.

Sasa tuje kwenye kimtungi. Sikikatai, ni kifaa kizuri kikiwekwa mahali pake. Kuna cha kutoa ukungu mzito wa chembe za potasiamu, na kuna cha mrija wa plastiki uliojaa dawa, ambao hupasuka pale pale palipo na joto kali. Vyote viwili vinataka boksi lililozibika, na ujazo wake uwe umepimwa ili dawa itoshe. Ukikiweka kwenye kabati lenye matundu na feni inayovuta hewa nje, dawa itatoka kabla haijafanya kazi. La pili, na hili wauzaji wengi hawalisemi, kimtungi hakikati umeme. Kinazima miali, lakini ampea 100 zinaendelea kupita kwenye kiungio kile kile, na moto unarudi wakati dawa imekwisha. Kwa hiyo ukikinunua, dai kiunganishwe na breka ya betri ili kikifyatuka breka ikate na feni isimame. Na kama moto umeingia ndani ya seli ya lithiamu, joto linatoka kwenye kemia ya seli yenyewe, na kimtungi cha kabati hakiwezi kulizuia.

Kwa fedha hiyo hiyo mimi ningeanza na fyuzi ya DC, yaani ya umeme wa betri na paneli unaokwenda upande mmoja tu, karibu kabisa na nguzo chanya ya betri, kama haipo, kisha kengele ya moshi ndani ya stoo inayosikika hadi mahali mnapokaa usiku. Kimtungi kifuate baadaye.

Fundi, mimi najifunza kazi. Kwenye upande wa paneli nimetumia breka ya kawaida ya AC, ile ya umeme wa nyumbani unaogeuka-geuka mwelekeo. Paneli ni 10 kwa msururu, zinatoa karibu volti 450. Una muda mrefu unatukataza, lakini yangu inafanya kazi vizuri. Tatizo liko wapi? — Fundi chipukizi

Mwanangu, breka hiyo bado haijaombwa kukata. Siku itakapoombwa ndipo utaona.

Umeme wa AC wa hezi 50 unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na hapo cheche inayoruka kati ya midomo ya breka inapata nafasi ya kufa. Umeme wa paneli haupiti kwenye sifuri. Cheche ikishaanza inaendelea, ina joto la maelfu ya nyuzi za Selsiasi, na inaila breka kutoka ndani. Breka ya DC ina sumaku na vijisahani vya kuivuta cheche, kuirefusha na kuikatakata. Nyingine zina alama za chanya na hasi. Ukizigeuza, sumaku inaisukuma cheche upande usiofaa, kwa hiyo soma mchoro ulio ubavuni kabla hujafunga. Kumbuka pia kwamba volti za paneli hupanda asubuhi ya baridi, hivyo chagua breka kwa volti za juu kabisa, usichague kwa zile ulizozipima mchana.

Na viungio vya nyaya za paneli, vile vya MC4, dume na jike viwe vya mtengenezaji mmoja. Vya makampuni mawili vinaweza kuingiana vizuri na kutoa mlio ule ule, huku chuma cha ndani kikigusana kwa shida. Huko juu ya paa hakuna atakayesikia harufu. Kanuni za umeme za Marekani tangu 2011 zinadai kifaa cha kugundua cheche kwenye mitambo ya paneli ya volti 80 na zaidi. Tazama kama inveta yako inacho. Katika baadhi huja kikiwa kimezimwa, nawe ndiye wa kukiwasha.

Tafadhali usiende kuijaribu breka hiyo mchana huu ili kuona kama nasema kweli. Ibadilishe usiku, inveta ikiwa imezimwa, na upime volti kabla hujagusa.

Moto ukiwa umeshawaka kwenye inveta, nimwage maji? — Msomaji

Hapana, usimwage maji. Toa watu, waite zimamoto, na uzime swichi zile tu unazozifikia bila kuukaribia moshi. Kama moto ni mdogo na njia ya kutokea iko nyuma yako, tumia mtungi wa kaboni dayoksaidi au wa poda. Kabati likiwa limefungwa na linatoa moshi, usilifungue, kwani utaliingizia hewa.

Zimamoto wakifika, waambie mambo mawili kabla hawajaingia. Kwanza, kuna paneli juu ya paa, na maadamu kuna mwanga nyaya zinazoshuka hadi kwenye inveta zina umeme hata kama swichi zote zimezimwa. Pili, betri ni za aina gani na ziko chumba gani. Za lithiamu zinaweza kuwaka upya saa kadhaa baada ya kuzimwa, kwa hiyo chumba kile asilale mtu usiku huo.