Walinilipa mara tatu, ya nne wakaondoka nayo

Nauza viazi Mwanjelwa, mwaka wa kumi na moja sasa. Navifuata Isyonje na kwenye vijiji vya njia ya Kitulo, vingine navishusha hapa Mbeya, vingine vinapanda lori kwenda Dar es Salaam. Hesabu ndiyo kazi yangu ya kila siku. Hata hivyo nilitapeliwa 1,840,000 mtandaoni, na mama yangu mdogo wa Tukuyu akapoteza 600,000 kwa kuniamini mimi. Nimeandika kwa ajili yake, na kwa yeyote ambaye wiki hii ameonyeshwa simu ya rafiki yenye ujumbe wa pesa iliyoingia.

Mimi nilianzia hapohapo, kwenye ujumbe wa muamala. Dada wa meza ya jirani, tunayesali naye kanisa moja, alinionyesha kwamba ameingiziwa pesa. Hakunidanganya, pesa ilikuwa imeingia kweli. Watu wengi wanadhani tapeli huja na sura ya tapeli. Aliyeniita alikuwa mtu mwema aliyelipwa, akafurahi, akataka na mimi nifurahi.

Kazi yenyewe ilikuwa kutazama video fupi tano kwa siku na kubonyeza alama ya kupenda. Malipo: asilimia 5 ya mtaji wako, kila siku. Niliweka 60,000. Siku ya tatu nikatoa 9,000, ikaingia kwenye simu ndani ya dakika chache. Baadaye nikatoa 15,000, kisha 21,000. Kila nilipolipwa, swali moja lilikufa kichwani mwangu. Sasa naelewa kwamba ile 45,000 ilikuwa chambo, tena chambo kilichokatwa kwenye pesa yangu mwenyewe na ya walioingia nyuma yangu.

Mara ya nne nilipanda "daraja" kwa 1,500,000, mtaji wote wa msimu. Baada ya siku kumi na tano hivi salio kwenye ukurasa wao likasoma 3,250,000. Nikaomba kutoa. Wakajibu kwa adabu kabisa: lipa kwanza kodi ya asilimia 10, yaani 325,000, ndipo pesa ifunguliwe. Nililipa. Kesho yake kundi letu la WhatsApp likafungwa tusiweze kuandika, na kwangu ukurasa haukufunguka tena.

Kuhusu hiyo kodi, shika hili. Benki ikikulipa riba, kodi ya zuio ya asilimia 10 hukatwa humohumo kwenye riba, unapokea kilichobaki. Hakuna anayekudai utume pesa mpya ili upewe pesa yako. Ukiambiwa utume, iite kodi, ada ya uhakiki au ada ya kufungua akaunti, ujue pesa yako haipo tena, na unachotuma kinaifuata.

Jioni moja nilikaa na kikokotoo nikafanya hesabu ambayo ningeifanya mwanzo. Asilimia 5 kwa siku, ukiiacha faida izae, huongeza mtaji mara mbili kwa takribani siku 15. Ukiweka milioni moja na kuiacha mwaka mzima, unafika shilingi trilioni 54. Bajeti nzima ya Serikali ya mwaka 2024/25 ilikuwa trilioni 49.35! Hatifungani ya Serikali ya miaka 25, yaani pesa unayoikopesha Serikali kwa riba, ilipoanza kuuzwa mwaka 2021, ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na watu waliiona nzuri. Mimi niliahidiwa kiasi hicho kwa siku nne tu.

Na faida ilikuwa inatoka wapi? Kwenye viazi naweza kukueleza: nimenunua shambani, nimelipa wabebaji, gari na ushuru, nimeuza mahali ambapo viazi havilimwi. Nani anamlipa mtu wa Mwanjelwa 78,000 kwa siku (asilimia 5 ya 1,560,000 niliyokuwa nimeweka) kwa kubonyeza video tano? Nilimuuliza kiongozi wa kundi. Akanijibu kwamba wenye maswali mengi hubaki maskini, na watu hamsini wakaweka alama ya makofi. Majibu ya namna hiyo yalinitosha kuondoka, lakini nilibaki.

Mbinu hii ina umri mkubwa. Mwaka 1920 huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi asilimia 50 kwa siku 45, akawa anawalipa wa kwanza kwa pesa za waliofuata. Kwetu Tanzania wengi tunaikumbuka DECI, mpango wa upatu ambao watu waliambiwa wapande mbegu wavune, mpaka Serikali ilipoizuia mwaka 2009. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 171A, inaitaja biashara ya upatu wa namna hii kuwa kosa.

Hapa neno upatu linatuchanganya. Mchezo wetu wa akina mama sokoni nao huitwa upatu, lakini ule ni wa watu kumi na wawili tunaojuana mpaka nyumbani, kila mmoja anatoa sawa na anapokea sawa, zamu kwa zamu. Hakuna anayepata zaidi ya alichotoa. Ukiona "upatu" ambao wa kwanza anavuna kuliko alivyoweka, mwingine huko chini analia.

Dalili nyingine nitazipitia haraka. Pesa tulituma kwa namba za watu binafsi, na majina yalibadilika karibu kila wiki. Walituonyesha cheti cha usajili wa kampuni, lakini kusajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakumpi mtu ruhusa ya kukusanya amana za umma. Ruhusa hiyo hutolewa na Benki Kuu, na uwekezaji wa dhamana, kama hisa na hatifungani, husimamiwa na CMSA, mamlaka ya masoko ya mitaji. Mtoto wa kaka yangu alitafuta anwani ya tovuti yao kwenye ukurasa wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya tovuti duniani, akakuta ina wiki saba, wakati wao walijitangaza kuwa na miaka kumi.

Kama uko ndani sasa hivi, usibishane kwenye kundi. Omba kutoa salio lote leo, bila kuongeza hata shilingi. Wakikuwekea sharti, simama hapo. Hifadhi ujumbe wote wa miamala (mimi nilifuta kwa hasira, polisi wakakosa pa kuanzia), pigia mtandao wako wa simu mara moja, tuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha nenda kituoni. Baada ya wiki chache atakutafuta "mtaalamu wa kurudisha pesa" anayetaka malipo ya awali. Usimtumie kitu.

Halafu waambie uliowaingiza. Mimi nilichelewa mwezi mzima, na katika mwezi huo mama mdogo aliongeza 200,000 nyingine. Nilipanda gari hadi Tukuyu, nikamweleza ameketi jikoni kwake, akaniuliza swali moja tu: "Ulijua lini?" Namlipa kila mwisho wa mwezi. Imebaki 250,000.