Hesabu majani kabla ya kulipa: ushauri kwa wanaoanza kununua na kuuza komiki za zamani mtandaoni

Anayeanza hununua jina. Anasikia watu wanaizungumzia Incredible Hulk namba 181, kijitabu cha hadithi za picha cha Marekani, anaitafuta mtandaoni, anaona moja bei yake ni nusu ya nyingine, anaikimbilia ile ya bei nafuu. Kosa limeshafanyika. Katika biashara hii hununui jina, unanunua nakala: hii hapa, yenye mgongo huu, pini hizi na kona hizi nne. Nakala mbili za toleo moja, zilizochapwa siku moja, zinaweza kupishana bei mara kumi na zaidi. Ukilishika hilo, mengine yote ni namna ya kulitekeleza.

Tuitumie Hulk 181 hiyohiyo kujifunzia, kwa sababu ina karibu kila mtego wa kazi hii. Ina tarehe ya Novemba 1974, iliuzwa senti 25 za Marekani, na ndani yake mhusika maarufu Wolverine anatokea kikamilifu kwa mara ya kwanza. (Katika namba 180 anachungulia tu kwenye ukurasa wa mwisho wa hadithi, na bei ya namba hiyo iko chini sana ya ile ya 181.) Mwaka huo kampuni ya Marvel ilikuwa ikichapa stempu ndogo kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, ili watoto wazikate na kuzibandika kwenye kijitabu. Watoto walizikata kweli. Ndiyo maana nakala nyingi za 181 zina jalada la kupendeza mbele na nyuma, lakini ukifungua kurasa za mwisho unakuta dirisha lililokatwa kwa mkasi. Nakala ya namna hiyo haina bei ya nakala kamili, hata jalada liwe linang'aa vipi.

Kwa hiyo, kwa komiki yoyote ya Marvel ya katikati ya miaka ya 1970, muulize muuzaji swali moja kabla ya yote: stempu ipo? Kisha omba picha ya ukurasa wenyewe. Jibu la "inaonekana kamili" silo jibu. Akituma picha, tazama kama ukurasa umeshikwa na pini sawasawa na una rangi moja na jirani zake. Wapo wanaochomoa ukurasa mzima kutoka nakala iliyochakaa na kuupachika kwenye nakala iliyokatwa. Kazi hiyo huonekana: ukingo wa ukurasa haulingani na mwingine, au matundu ya pini ni mapana kuliko ya kurasa nyingine.

Hatua ya pili ni kuhesabu majani. Komiki ya kawaida ya Marekani ya kipindi hicho ina kurasa 32 ndani, bila jalada. Hizo ni karatasi nane zilizokunjwa katikati, yaani majani 16. Karatasi ya katikati kabisa ndiyo hung'oka mapema kuliko zote kwa kuwa inavutwa na pini kila komiki inapofunguliwa. Ikiwa imeachia pini moja, bei inashuka kiasi. Ikiwa haipo, hiyo si komiki ya kukusanya tena, ni ya kusoma. Omba picha ya katikati ikiwa wazi, pini zote mbili zionekane. Kutu kwenye pini pia iulizie, maana inakula karatasi iliyo karibu nayo polepole na haiishii kwenye chuma.

Sasa gredi, yaani namba ya hali ya nakala. Kipimo kinaanzia 0.5 hadi 10.0, na kila kiwango kina herufi zake. Hapa wageni wengi huumia kwa sababu ya lugha tu. Herufi G ni kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya "nzuri", lakini kwenye komiki G ni 2.0: imechakaa, ina mikunjo, huenda imechanika kidogo, ila imekamilika. VG, yaani "nzuri sana", ni 4.0. F, "safi", ni 6.0. VF, "safi sana", ni 8.0, na kuanzia 9.2 kwenda juu ndipo unapoingia eneo la NM, karibu na upya. Muuzaji anayeandika VG hakudanganyi, amesema kwamba komiki imetumika sana. Usilipe bei ya 8.0 kwa sababu sikio lako lilisikia "nzuri sana".

Kutofautisha 9.4 na 9.8 kwa picha za simu haiwezekani, na tunasema hivyo kwa msisitizo kwa sababu pesa nyingi hupotelea pale. Unachoweza kuona ni mistari midogo kwenye mgongo. Ikiwa mstari umevunja rangi na weupe wa karatasi unaonekana, haurekebishiki. Ikiwa ni mbonyeo tu na rangi haijavunjika, fundi anaweza kuunyoosha kwa mashine yenye joto na unyevu, na kampuni zinazopima gredi kwa malipo hazihesabu unyooshaji huo kuwa ukarabati. Kupaka rangi, kukata kingo ziwe nyoofu, kuziba matundu kwa karatasi nyingine: huo ni ukarabati, na unashusha bei kwa kishindo. Rangi ya kalamu hugunduliwa kwa kutazama upande wa ndani wa jalada, kwani wino hupenya. Kukatwa kingo hugunduliwa kwa rula: pima upana juu, katikati na chini, kisha ulinganishe na nakala nyingine ya mwaka huohuo.

Komiki zenye thamani kubwa huuzwa zikiwa zimefungwa ndani ya kasha gumu la plastiki. Kampuni inayojulikana zaidi kwa kazi hiyo ni CGC, iliyoanza Marekani mwaka 2000. Soma rangi ya lebo kabla ya kusoma namba. Buluu ni ya kawaida. Njano ina maana kwamba komiki ilisainiwa mbele ya shahidi wao. Zambarau ni iliyokarabatiwa. Kijani ni yenye kasoro moja kubwa ambayo haikuhesabiwa kwenye gredi, na hapa ndipo Hulk 181 zisizo na stempu hujitokeza zikiwa na namba kubwa ya kuvutia. Mgeni anaona 8.0, haoni kijani. Chukua namba ya cheti iliyo kwenye lebo, iingize kwenye tovuti ya kampuni, uhakikishe toleo, gredi na rangi ya lebo vinakubaliana. Kisha kagua kingo za kasha lenyewe: ufa, alama ya gundi au weupe kwenye maungio ni dalili kwamba limefunguliwa na komiki ya ndani huenda imebadilishwa.

Nakala zilizochapwa upya si bandia, lakini huuzwa na wasio waaminifu kana kwamba ni za awali. Marvel na kampuni shindani ya DC hutoa upya matoleo yao maarufu yakiwa na matangazo yaleyale ya zamani, na Hulk 181 imo. Zitambue kwa bei ya kisasa ya dola badala ya senti, msimbopau wa kisasa na karatasi nyeupe laini. Ya hatari zaidi ni Action Comics namba 1, komiki ya kwanza ya Superman. Mwaka 1974 DC iliichapa upya kwa umbo kubwa, ikaifunika kwa jalada la ziada. Mtu akiliondoa hilo la nje, linalobaki linafanana na la mwaka 1938. Rula inamaliza ubishi: ile ya 1974 ina urefu wa kama sentimita 34, ya awali haifiki 28.

Na si kila cha zamani ni adimu. X-Men namba 1 ya mwaka 1991 iliuzwa zaidi ya nakala milioni nane, na watu wengi waliihifadhi vizuri wakitarajia utajiri. Ndiyo maana hadi leo ni ya bei ya chini. Bei hujengwa na nakala nzuri chache zikitafutwa na watu wengi, hivyo ukiona mtu anakuuzia sanduku la komiki za mwanzoni mwa miaka ya 1990 kama "akiba ya mtoto", achana nalo.

Bei halisi utaipata wapi? Si kwenye matangazo yaliyo wazi. Mtu anaweza kuomba chochote. Kwenye eBay chuja upate zilizouzwa tu, zitaonekana za kama siku 90 zilizopita, kisha linganisha gredi kwa gredi. Angalizo: penye bei iliyokatwa kwa mstari, muuzaji alikubali ofa ya chini, na ile unayoiona si iliyolipwa. Chukua mauzo matano au sita, ondoa lililopanda kupita kiasi na lililoanguka, ndipo ujiwekee kikomo.

Kwenye mnada andika kikomo chako mara moja, dakika za mwisho. Mfumo utakupandishia hatua kwa hatua hadi hapo. Anayeongeza dola mbili mbili tangu siku ya kwanza anawapandishia bei wenzake na nafsi yake. Minada mingi ya Marekani hufungwa Jumapili jioni. Saa 3 usiku ya New York wakati wa kiangazi chao ni saa 10 alfajiri ya Jumatatu Nairobi na Dar es Salaam, na wakati wa baridi yao ni saa 11. Washindani wengi wa ukanda wetu wanapoteza kwa usingizi tu.

Malipo yapitie njia yenye ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji akikuomba utumie PayPal kwa mtindo wa kumtumia ndugu au rafiki ili "kukwepa makato", ulinzi wako umeondoka. Kwa mauzo ya kwenye makundi ya WhatsApp au Facebook, omba picha ya komiki ikiwa kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kwa mkono. Asiye na komiki mkononi hataweza.

Ikifika, ihifadhi. Karatasi za zamani zina tindikali ya asili inayozigeuza njano, na joto, mwanga na unyevu huharakisha. Tumia mfuko wa polipropilini au, kwa za thamani, Mylar (plastiki angavu ya poliesta), pamoja na kadibodi isiyo na tindikali. Plastiki laini ya PVC usiiguse, hutoa kemikali zinazonata. Kwa komiki za miaka ya 1970, mfuko wa upana wa sentimita 18.1 unaoitwa Silver unaenea vizuri kuliko wa 17.5 wa matoleo ya sasa, unaobana kona. Kwa anayeishi Mombasa, Tanga au Unguja, adui wa kwanza ni unyevu. Nunua kipima unyevu, lenga asilimia 50 hivi, weka vifuko vya silika ndani ya sanduku na uvikaushe vinapojaa. Sanduku lisigusane na ukuta wala sakafu, kwa ajili ya ukungu na mchwa, na komiki zisimame wima bila kulegea, la sivyo mgongo unapinda.

Unapouza, toa komiki kwenye mfuko kabla ya kuipiga picha, kwa sababu mng'ao wa plastiki huficha mistari na mnunuzi atadhani umeificha kusudi. Skana ya kawaida kwa 300 dpi inatosha. Onyesha mbele, nyuma, mgongo, katikati yenye pini, na ukurasa wa stempu. Andika kila kasoro kwa maneno, hata ndogo, na ujipangie gredi nusu hatua chini ya unayoiamini. Mnunuzi aliyepokea bora kuliko alivyotarajia hurudi. Hifadhi picha za alama za kipekee za nakala yako pia, ili mtu akirudisha nyingine uweze kuonyesha tofauti.

Hesabu ya faida ifanyike kabla ya kununua. Tuseme umenunua kwa dola 45, ukalipa 12 za kuletewa: 57. Unauza 80, mnunuzi analipa 20 za usafirishaji. Ukichukulia makato ya jukwaa ni asilimia 13, hukatwa kwenye 100 yote, si kwenye 80, yaani 13. Toa 20 za posta na 3 za vifaa: umebaki na 64. Faida ni dola 7, kabla ya gharama ya kubadilisha fedha na ushuru. Kwa biashara ya namna hiyo, kulipia upimaji na kasha ni kujichimbia shimo.

Kufunga mzigo kuna kanuni zake. Komiki iliyo kwenye mfuko na kadibodi yake iwekwe kati ya vipande viwili vya boksi vyenye mawimbi, kimoja mawimbi yakiwa wima na kingine yakilala, ili visikunjike kwa pamoja. Vipande vizidi komiki kwa sentimita mbili kila upande. Bandika mfuko kwenye kipande kimoja kwa utepe wa wachoraji, ule usioacha gundi, usije ukateleza hadi ukingoni. Kisha boksi la nje, lijazwe pasibaki nafasi: litikise, ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya. Ukitumia posta ya Marekani, usichague Media Mail, huduma yao ya bei nafuu ya vitabu, komiki zenye matangazo haziruhusiwi. Thamani unayoandika kwenye fomu ya forodha iwe ya kweli, kwa sababu bima haitalipa zaidi ya ulichoandika.

Na mwambie mnunuzi kwa maandishi, juu ya mfuko wenyewe: bandua utepe wa mfuko kabisa kabla ya kuchomoa komiki. Gundi ikigusa jalada la 9.4 wakati linatoka, linabaki 7.0 kwa sekunde moja.