Nauli ya treni ikishuka, mahindi yatapanda behewa?

Aliyefungua uzi ameuliza mambo mawili. Serikali yetu ya Uganda ikipunguza nauli ya treni kwa nafaka, wafanyabiashara wa mahindi wataacha malori? Na je, hilo litamaliza ugomvi wa kila mara na Wakenya pale mpakani? La kwanza, kwa hali ya sasa, hapana. La pili linategemea mzigo umepimwa wapi sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka), na nauli haihusiki kabisa.

Tuanze na hesabu. Behewa la bati la reli yetu ya zamani, ile ya upana wa meta moja, hubeba takriban tani 40. Hayo ni magunia 400 ya kilo 100, au 444 ukifungasha ya kilo 90 kama anavyotaka mnunuzi wa Kenya. Lori la trela hupita mizani na tani kama 28. Mwenye magunia 280 pale Iganga, Busoga, anajaza lori lake na kuondoka siku hiyohiyo. Anayetaka treni ya mabehewa 20 atafute magunia 8,000, yaliyokauka kwa kiwango kimoja, yawe stesheni kabla kichwa cha treni hakijafika. Asipoyapata, behewa linakaa na siku za kungoja zinalipiwa. Nauli nafuu haimpi mtu magunia.

Tena reli yenyewe haipiti kila penye mahindi. Njia ya Malaba, Tororo, Jinja hadi Kampala inawafaa watu wa Busoga. Ya kaskazini, Tororo kwenda Mbale, Soroti, Lira na Gulu, ina zaidi ya kilomita 370, na inategemea ukarabati. Ya Kasese, iliyofika huko mwaka 1956 kupitia Kamwenge, imelala tangu miaka ya 1990. Masindi na Kiryandongo hazina reli. Gunia la Bweyale, mji wa Kiryandongo, lazima lipande lori kwanza, na likishapanda, mwenyewe atauliza kwa nini awalipe wapagazi kushusha na kupakia upya, magunia yachanike, wakati lori lile lile lingefika Busia mpakani.

Sasa unyevu, maana hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mahindi yanayoletwa na wachuuzi wakati wa mavuno huwa asilimia 18, hata 20. Kukausha kutoka 18 hadi 13.5 kunapunguza uzito kwa asilimia 5.2: ili ujaze behewa la tani 40 kavu, nunua tani 42.2 mbichi. Wengi wanasahau hizo tani mbili na ushee wanapopiga bei, halafu wanalaumu mizani ya stesheni.

Ukipakia yakiwa asilimia 15 ukidhani yatakauka njiani, behewa litakuumbua. Mchana bati linapata moto, unyevu unapanda juu kutoka kwenye magunia. Usiku treni inapita nyanda za juu za Kenya, Timboroa iko zaidi ya meta 2,700 juu ya bahari, bati linapoa na jasho linadondokea magunia ya safu ya juu. Ukifungua mlango utakuta safu hiyo imeota ukungu na ya katikati ni mizima. Kwa hiyo: ingia ndani, funga mlango, tazama juu. Ukiona mwanga, kataa behewa. Fagia mabaki ya saruji na mbolea, ng'oa misumari, tandika mbao sakafuni, acha nafasi ya kiganja kati ya magunia na ukuta, funika safu ya juu kwa maboksi yaliyokunjuliwa. Usifunike kwa nailoni. Nailoni hurudisha jasho palepale.

Kuhusu Kenya. Mwezi Machi 2021 walizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, kisha siku chache baadaye wakafungua kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila mzigo uwe na cheti kwamba aflatoksini haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2023 malori yetu yalikamatwa upande wa Sudan Kusini kwa shutuma kama hiyo. Sumukuvu ni ya kweli, tusijidanganye. Anika mahindi chini kwenye udongo uone. Lakini ukali wa mpakani una majira yake. Mavuno yetu ya kwanza hutoka Juni hadi Agosti, wakati maghala ya Kenya yanapungua, na mahindi hupita vizuri. Ya pili huanza kutoka Novemba, yakikutana na ya Trans Nzoia na Uasin Gishu huko Kenya, na wakulima wa huko wanapiga kelele kwamba tunawaharibia bei. Hapo karatasi husomwa mpaka nukta. Vilevile Nairobi ikiondoa ushuru wa asilimia 50 kwa mahindi ya nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bei yako inashuka hata kama mpaka uko wazi.

Treni inazidisha hatari hiyo. Lori moja likikataliwa umekwama na tani 28. Treni ikikataliwa ni tani 800 kwenye reli ya pembeni. Ndiyo maana ningependa pesa ya ruzuku iende kwenye vikaushio na maabara Tororo, Lira na Gulu kabla ya kwenda kwenye nauli.

Kuna funzo Kanada. Nauli ya nafaka ilifungwa isipande kwa mkataba wa 1897 na kampuni ya Canadian Pacific. Wakulima walifurahi, lakini gharama zilipopanda kampuni za reli zikaacha kununua mabehewa ya nafaka, na kuanzia miaka ya 1970 serikali ikayanunua yenyewe. Mwaka 1983 sheria mpya iliiondoa nauli hiyo, serikali ikawa inazilipa kampuni za reli ruzuku, na Marekani ikalalamika kwamba ni ruzuku ya kuuza nje. Ruzuku hiyo ilifutwa mwaka 1995. Sisi tuna vichwa vichache vya treni. Nauli ikifungwa chini ya gharama, mzigo wa kwanza kuachwa stesheni utakuwa mahindi.

Reli mpya ya Malaba hadi Kampala, iliyosainiwa na kampuni ya Uturuki ya Yapi Merkezi Oktoba 2024, ina upana wa milimita 1,435, na ile ya Kenya ya upana huo iliishia karibu na Naivasha. Mpaka zikutane, mzigo wa reli hiyo mpya utalazimika kuhamishwa Malaba.

Ukitaka kujaribu treni hata hivyo, anza na behewa moja au mawili mwezi wa Julai. Dodosa kwa bambo, kile chuma cha kutobolea gunia na kuchota sampuli, kabla behewa halijatiwa lakiri: magunia yakizidi 100, chukua kipeuo cha pili cha idadi, yaani magunia 20 kwa behewa la 400 (20 mara 20 ni 400). Choma juu, katikati na chini, maana sumukuvu hukaa kwenye punje chache na kilo moja kutoka mlangoni haisemi kitu. Changanya, gawa mara tatu: moja maabara, moja kwa mnunuzi, na ya tatu ibaki kwako ikiwa imefungwa na kutiwa sahihi ya pande zote mbili, mpaka pesa iingie.