Kujitenga, kupata uhuru au kujitangazia uhuru?

Swali: Katika insha ya historia niliandika, "Marekani ilijitenga na Uingereza mwaka 1776 ikawa jamhuri." Mwalimu akakata "ilijitenga", akaandika "ilipata uhuru". Nimekosea wapi? Na je, madaraka, uhuru na jamhuri si kitu kimoja?

Jibu: Mwalimu ana haki ya kulikata neno lako, ila kitenzi alichokupa hakiendani na mwaka huo.

"Kujitenga" hutumika sehemu ya nchi inapotaka kujimega. Jimbo la Katanga, likiongozwa na Moïse Tshombe, lilijitenga na Kongo mwaka 1960, na Biafra, eneo la mashariki mwa Nigeria, ikajitenga na nchi hiyo mwaka 1967. Neno hili lina upande: anayelitumia huwa anakubali kwamba pande zote mbili ni za nchi moja. Wapigania uhuru wa makoloni hawakukubali hilo hata kidogo, kwa hiyo hawakuomba kujitenga. Walidai nchi yao.

Tukirudi mwaka 1776: tarehe 4 Julai makoloni 13 yalitangaza kwamba yako huru, huku vita vikiwa vimeshaanza tangu 1775. Uingereza haikuutambua uhuru huo mpaka Mkataba wa Paris wa 1783. Kwa hiyo kitenzi cha 1776 ni "kujitangazia uhuru". Tazama umbo lake: -ji- inaonyesha kwamba mtangazaji na mnufaika ni yuleyule, bila kusema kama mtawala ameridhia. Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, inalionyesha hilo vizuri zaidi. Ian Smith na serikali yake ya walowezi walijitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Uingereza ikakataa kuutambua, na Waafrika walio wengi wakaendelea kutawaliwa. Zimbabwe ilipata uhuru tarehe 18 Aprili 1980. Ukibadilisha vitenzi hivyo viwili, umepotosha historia nzima ya nchi hiyo.

"Kupata" hakiegemei upande wowote, na mara nyingi kinatosha. "Kupewa uhuru" sikipendi. Ukisema Algeria ilipewa uhuru mwaka 1962, umefuta vita vilivyopiganwa tangu 1954 na kumfanya Mfaransa kuwa mfadhili.

Sasa madaraka, uhuru na jamhuri. Haya si majina matatu ya jambo moja, na Wakenya wanalijua hilo kwa sababu kila moja lilikuja kwa wakati wake. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata madaraka: Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu na mambo ya ndani yakaendeshwa na wenyeji, lakini nchi bado ilikuwa chini ya Uingereza. Uhuru ulikuja tarehe 12 Desemba mwaka huohuo. Hata hapo mkuu wa nchi alikuwa Malkia Elizabeth, akiwakilishwa na Gavana Mkuu. Jamhuri ilikuja tarehe 12 Desemba 1964, Kenyatta alipokuwa Rais. Tanganyika ilipita njia hiyohiyo: madaraka Mei 1961, uhuru tarehe 9 Desemba 1961, jamhuri mwaka mmoja kamili baadaye. Anayeandika kwamba Tanganyika ilikuwa jamhuri mwaka 1961 amekosea, hata kama uhuru ulikuwa kamili.

Zanzibar haiingii katika mpangilio huu. Ilikuwa nchi ya himaya, yaani chini ya ulinzi wa Uingereza, si koloni, na uhuru wa tarehe 10 Desemba 1963 ulimwacha Sultani kwenye kiti chake. Aliondolewa na Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na ndiyo yaliyoleta jamhuri. Usiandike "uhuru" pale unapokusudia "Mapinduzi".

Sentensi yako, basi, iandike hivi: "Makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika Kaskazini yalijitangazia uhuru mwaka 1776, na Uingereza ikautambua mwaka 1783." Nimeanza na "makoloni" kwa kuwa kabla ya tangazo lile kila koloni lilikuwa na serikali yake. "Ikawa jamhuri" ningeliondoa: ufalme ulikataliwa mapema, lakini katiba iliandikwa mwaka 1787, na rais wa kwanza, George Washington, aliapishwa mwaka 1789.