Maswali ya Wasomaji: Funksheni za Python

SWALI: Nina duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, na najifunza Python ili nijitengenezee programu ya risiti. Funksheni yangu ya kuongeza VAT ya asilimia 18 ni hii:

def bei_na_vat(bei):
    print(bei + bei * 18 / 100)

Nikiandika bei_na_vat(10000) naona 11800.0, sawa kabisa. Lakini nikijumlisha nauli, yaani jumla = bei_na_vat(10000) + 2000, inagoma: TypeError: unsupported operand type(s) for +: 'NoneType' and 'int'. Mbona namba nimeiona kwa macho?

JIBU: Umeiona wewe, programu haijaipata. Kazi ya print ni kuandika kwenye skrini tu, haikabidhi kitu kwa mstari ulioiita funksheni. Funksheni ikimalizika bila return, Python hurudisha None, yaani "hakuna kitu", na None haijumlishiki na 2000. Thibitisha kwa kuandika print(bei_na_vat(10000)): utapata mistari miwili, 11800.0 na chini yake None. Rekebisha hivi:

def bei_na_vat(bei):
    return bei + bei * 18 / 100

Sasa jumla ni 13800.0. Ukitaka kuiona, andika print(jumla) nje ya funksheni. Tunakusihi ushike utaratibu huu: funksheni ya hesabu irudishe jibu, na kuonyesha jibu iwe kazi ya sehemu nyingine. Siku ukitaka jibu hilohilo liende kwenye faili au kwenye printa ya risiti, hutagusa hesabu hata kidogo.

Angalia pia return umeiweka wapi. Ikishatekelezwa, funksheni inaishia hapo hapo. Utakapofika kwenye kujumlisha bei nyingi, jihadhari na hili:

def jumla_ya(bei_zote):
    jumla = 0
    for b in bei_zote:
        jumla = jumla + b
        return jumla

Ukiipa [5000, 3000, 2000] inajibu 5000 badala ya 10000, kwa sababu inatoka kwenye mzunguko wa kwanza. Isogeze return kushoto nafasi nne, ilingane na for. Kosa hili ni baya kuliko lako, maana Python hailalamiki. Risiti inatoka na namba isiyo sahihi na mteja analipa pungufu.

SWALI: Funksheni yangu inakumbuka mambo ya mteja aliyepita! Naita ongeza("sukari") napata ['sukari']. Naita tena ongeza("mchele") kwa mteja mwingine, napata ['sukari', 'mchele'].

def ongeza(bidhaa, kikapu=[]):
    kikapu.append(bidhaa)
    return kikapu

JIBU: Mstari wa def hutekelezwa mara moja tu, funksheni inapoundwa. Ile [] huundwa wakati huo, ikawekwa pamoja na funksheni. Kila unapoita bila kutaja kikapu, unapewa orodha ileile, na append inaibadilisha papo hapo. Kwa hiyo wateja wako wote wanatumia kikapu kimoja. Ukiandika print(ongeza.__defaults__) utayaona yaliyomo.

Dawa yake:

def ongeza(bidhaa, kikapu=None):
    if kikapu is None:
        kikapu = []
    kikapu.append(bidhaa)
    return kikapu

Hapa [] inaundwa upya kila funksheni inapoitwa bila kutaja kikapu. Namba na maandishi, kama vat=18 au sarafu="TZS", hayana shida hii kwa sababu hayabadiliki yakiwa mahali pake. Tahadhari ni kwa orodha, kamusi na seti.

SWALI: Nikiandika print(salamu) inaleta <function salamu at 0x...> na namba nyingi. Nimeharibu nini?

JIBU: Umesahau mabano. salamu ni funksheni yenyewe. salamu() ndiyo kuiita ifanye kazi. Kuitaja bila mabano kuna mahali pake, pale unapoipa funksheni nyingine ili iiite: sorted(majina, key=len) hupanga majina kuanzia lenye herufi chache. Hapo ukiandika len() utapata TypeError, kwa kuwa utakuwa umeiita mapema, bila kuipa kitu cha kupima.