Kabla ya Kununua Ng'ombe Karamoja, Pima Maji ya Februari

Ndugu zangu wa Mbale na Kampala wanaotaka kufuga huku Moroto, Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, huniuliza kwanza bei ya ng'ombe. Mimi huwauliza hao ng'ombe watanywa wapi mwezi wa pili. Mvua zetu huanza karibu na Aprili na kukatika kuelekea Oktoba. Ukiletwa kuona shamba Agosti, milima yote kijani, usilipe. Rudi Februari, mto ukiwa mchanga mtupu.

Kisha piga hesabu. Jua likiwaka, ng'ombe mmoja hunywa lita 25 hadi 40 kwa siku. Ukiwa nao 30, shika lita 30 kwa kila mmoja: ni lita 900, sawa na jerikeni 45 za lita 20. Usitegemee kuzipata kwenye kisima cha pampu ambako akina mama wamepanga foleni tangu alfajiri. Watakufukuza, na kwa maoni yangu watakuwa na haki.

Mimi huamini mchanga wa mto mkavu kuliko bwawa. Bwawa liko wazi, jua linalinywa pamoja na mifugo, na nyasi za kando yake huisha mapema. Hata bwawa letu la Kobebe, pamoja na ukubwa wake, huwapokea pia Waturkana wanaovuka kutoka Kenya. Maji yaliyo chini ya mchanga hayapigwi na jua. Tafuta mwamba unaokatiza mto, uchimbe upande wake mto unakotokea, kwani maji hukwama hapo. Miti mikubwa yenye majani mabichi kiangazi nayo ni dalili nzuri. Zungushia kisima miiba, teka, mimina kwenye hori. Ng'ombe wakiingia wenyewe, kesho mtakunywa mkojo.

Ila kabla ya kushika jembe, nenda kwa wazee. Shimo lililofukiwa na mafuriko huenda lina mwenyewe, na zamu ya kunywesha ina utaratibu wake.

Kiangazi kikikaza, nywesha siku moja, ruka moja. Maziwa yatapungua, lakini ng'ombe watazifikia nyasi za mbali. Mwenye uwezo aongeze ngamia, kama wafugaji Wapokot wa wilaya ya Amudat: ngamia hukaa wiki nzima bila maji na kula majani ya migunga. Madume ya ziada uza Novemba, wangali na nyama. Machi kila mtu anauza, na wanunuzi wanalijua hilo.