Maswali ya Wasomaji: Je, Kompyuta ya Mwaka 2014 Iwekwe Windows 11?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Ninatumia laptopu iliyotengenezwa mwaka 2014, ambayo niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina prosesa ya Core i5, RAM ya GB 4 na diski ya GB 500. Humo ndimo yalimo maazimio yangu ya kazi, maandalio ya masomo, mitihani na matokeo ya wanafunzi kwa miaka saba. Inatumia Windows 10, na siku hizi inaniletea ujumbe kwamba huduma za mfumo huo zimekoma. Fundi mmoja ameniambia ataniwekea Windows 11 kwa kuuruka ukaguzi wake. Mwingine amesema kompyuta hii imekwisha, ninunue nyingine. Imekuwa nzito sana, lakini mwaka huu sina fedha za kununua nyingine. Nimsikilize nani?

JIBU: Mwalimu, kabla ya kumsikiliza yeyote kati ya hao wawili, itazame kwanza kompyuta yenyewe, kwa sababu jina la Core i5 peke yake halitoshi kukuambia una kitu gani mkononi. Intel, kampuni inayotengeneza prosesa hizo, imekuwa ikilitumia jina hilo tangu mwaka 2009, na kinachotenganisha prosesa moja na nyingine ni kizazi chake. Fungua mipangilio ya Windows, ingia sehemu ya mfumo, ushuke hadi ukurasa wa mwisho unaoeleza habari za kompyuta, nawe utakuta namba iliyoandikwa kwa mtindo wa i5-4300U. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: hiyo ni ya kizazi cha nne, na i5-8250U ni ya kizazi cha nane. Namba ikianza na 1, kama i5-10210U, zisome tarakimu mbili za mwanzo, yaani kizazi cha kumi. Kwa mwaka uliotengenezewa kompyuta yako, ninatarajia utakuta kizazi cha nne.

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, inadai RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, chombo cha kutunzia funguo za siri kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha iliyoidhinishwa na Microsoft. Kwa upande wa Intel, orodha hiyo huanzia kizazi cha nane, kilichoingia sokoni mwaka 2017, isipokuwa prosesa chache sana za kabla yake. Kwa AMD, mtengenezaji mwingine wa prosesa, huanzia baadhi ya Ryzen za mfululizo wa 2000. Orodha haipimi nguvu. Celeron N4000, prosesa ya kompyuta za bei ya chini kabisa, inakubaliwa, ilhali Core i7-7700HQ, inayoizidi mara nyingi kwa nguvu, inakataliwa. Ninalisisitiza jambo hili kwa ajili ya wasomaji wote wanaonunua kompyuta zilizotumika, wawe Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi: muuzaji akikutajia i5 au i7, mwulize kizazi, kisha mwombe aiwashe uisome namba hiyo mwenyewe kabla ya kutoa fedha.

Sasa tuje kwa fundi wa kwanza. Anachokisema kinawezekana, na siku hiyo utaondoka kwake kompyuta ikiwaka vizuri. Shida huja baadaye. Microsoft imesema wazi kwamba kompyuta isiyotimiza masharti haina haki ya kudai masasisho. Kwa kawaida marekebisho madogo ya kila mwezi yameendelea kuzifikia kompyuta za namna hiyo, lakini toleo jipya la kila mwaka haliletwi lenyewe, hivyo lazima mtu alilazimishe tena kwa flashi. Na kila toleo la Windows 11 kwa watumiaji wa nyumbani huhudumiwa kwa miezi 24 tu. Toleo la 23H2, kwa mfano, lilifikia mwisho tarehe 11 Novemba 2025, chini ya mwezi mmoja baada ya Windows 10 kukoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu aliyewekewa toleo hilo kwa kulazimisha na kuachwa nalo yumo katika hatari ileile aliyoikimbia, na pengine hali yake ni mbaya zaidi, kwa kuwa akiona namba 11 anaamini amekwisha kuvuka. Kama fundi huyo hayuko tayari kurudi kwako kila mwaka kufanya kazi hiyo, usikubali.

Fundi wa pili naye amekata tamaa mapema mno. Kukoma kwa huduma hakuizimi kompyuta. Maana yake ni kwamba tundu jipya la kiusalama likigunduliwa ndani ya Windows 10, halitazibwa tena. Hilo si jambo dogo. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilienea duniani kwa siku chache, kikafunga mafaili ya watu na kudai malipo, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuahirisha huduma. Microsoft ilikuwa imeshatoa marekebisho mwezi Machi mwaka huohuo, na walioumia ni wale ambao kompyuta zao, nyingi zikiwa za Windows 7, hazikuwa zimeyapokea. Hawakuhitaji kubofya chochote. Kwa hiyo usikae bila kufanya lolote, lakini njia ulizo nazo ni zaidi ya hizo mbili ulizotajiwa.

Ninakuomba uanze na kazi zako za miaka saba, kwa sababu kompyuta inaweza kununuliwa tena lakini matokeo ya wanafunzi hayanunuliki. Nakili kila kitu kwenye diski ya nje, halafu weka nakala ya pili mahali pengine kabisa, iwe nyumbani kwa ndugu au kwenye hifadhi ya intaneti. Flashi inayokaa katika mkoba uleule wa laptopu isihesabiwe, kwa kuwa mwizi huchukua mkoba mzima. Ukimaliza, fungua mafaili machache kwenye kompyuta ya mwenzako uone kama yanasomeka. Nimeshuhudia watu waliogundua siku ya shida kwamba walichokinakili ni njia za mkato za kufungulia mafaili, na mafaili yenyewe yalibaki kwenye diski iliyokufa. Bado ninawaonea uchungu.

Baada ya hapo, ujinunulie muda. Microsoft imefungua mpango wa kuendelea kuipatia Windows 10 marekebisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta inapaswa kuwa na toleo la 22H2, nawe uwe na akaunti ya Microsoft. Unaweza kulipa dola 30 za Marekani, au kujiunga bila malipo kwa kukubali mipangilio ya kompyuta yako ihifadhiwe katika akaunti hiyo. Kiungo cha kujiandikisha kimo katika mipangilio, sehemu ya masasisho. Kwa mtu mwenye mfuko wako, njia isiyo na malipo ndiyo ninayoipendekeza.

Uzito unaoulalamikia hautokani na prosesa. Core i5 ya kizazi cha nne bado inamudu kuandika mitihani, kujumlisha alama na kufungua kurasa za intaneti bila taabu. Kinachoikwamisha ni diski ya zamani, ile yenye sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika, ambayo husoma kiasi cha MB 100 kwa sekunde inapokuwa katika hali yake nzuri na chini ya hapo inapotafuta mafaili madogo yaliyotawanyika. SSD, yaani diski ya kisasa, ya inchi 2.5 inayochomekwa palepale husoma kiasi cha MB 500 kwa sekunde na haina kitu kinachozunguka. Kompyuta iliyokuwa ikikuweka dakika tatu kabla ya kuanza kazi itawaka kwa muda usiofika nusu dakika. Kama una fedha za kitu kimoja tu, nunua SSD. Ikibaki kidogo, ongeza RAM ifike GB 8, ila mwambie fundi aifungue kwanza aone iliyomo: kompyuta ndogo za kizazi cha nne huhitaji RAM ya aina ya DDR3L, inayotumia volti 1.35, na DDR4 haiingii kwenye tundu lake hata kwa nguvu. Baadhi ya kompyuta nyembamba zina RAM iliyochomelewa kwenye ubao mkuu, na hizo haziongezwi.

Oktoba 2026 ikifika, ningependa ukute umeshajaribu Linux Mint. Ni mfumo huru usio na gharama. Matoleo ya 22, yaliyoanza kutoka mwaka 2024, yatahudumiwa hadi mwaka 2029, nayo hutosheka na RAM ya GB 4. Kifurushi chake ni karibu GB 3, basi kama bando ni tatizo, mwombe mwenye mtandao mzuri akupakulie na kukuandalia flashi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuiwasha kompyuta kutoka kwenye flashi hiyo na kuutumia mfumo bila kugusa chochote kwenye diski. Jaribu Wi-Fi, sauti na printa ya shule. Fungua mitihani yako kwa LibreOffice, programu ya kuandikia na kuhesabia inayokuja pamoja nao, uone kama michoro na majedwali yamekaa mahali pake. Nyaraka za kawaida hufunguka vizuri. Jedwali la matokeo lililoundwa kwa amri za kujiendesha za Excel linaweza kugoma, na ni afadhali ulijue hilo mapema kuliko wiki ya kufunga shule. Yote yakikubali, usakinishe. Siku ya kusakinisha, chaja iwe imechomekwa na betri imejaa, kwa maana umeme ukikatika katikati ya kazi na betri ikawa ya zamani, utabaki na kompyuta isiyowaka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa chuo mjini Eldoret. Kompyuta yangu ina Core i5-8250U, lakini ukaguzi unasema haifai Windows 11. Nimekosea wapi?

JIBU: Hujakosea, prosesa yako imo katika orodha. Yaelekea TPM imezimwa. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, nawe utaona kama ipo na ni ya toleo gani. Isipoonekana, zima kompyuta, uiwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingilia BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows, na kitufe hicho ni F2 au F10 kwa kompyuta nyingi, kisha utafute katika sehemu ya usalama neno PTT, ndilo jina la TPM ya Intel, na uliwezeshe. Kabla hujagusa BIOS, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya siri ya Windows. Ikiwa imefungwa, ingia katika akaunti yako ya Microsoft, unakili ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, kwa sababu mabadiliko hayo yanaweza kuifanya kompyuta iudai ufunguo huo, na asiyekuwa nao hapati mafaili yake.

SWALI: Nina duka la vipuri Mombasa. Programu ya kuhesabia bidhaa inafanya kazi kwenye Windows 7 tu. Je, niipandishe hadi Windows 10?

JIBU: La. Ungekuwa unahama kutoka nyumba iliyobomoka kwenda nyumba ambayo notisi yake imeshatoka. Tena namba za leseni za Windows 7 haziwashi mifumo mipya tangu Septemba 2023, kwa hiyo ungelipia. Windows 7 yenyewe ilikoma tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kuikubali ni ya toleo la 109. Kompyuta hiyo iondoe kwenye intaneti, chomoa waya na kuzima Wi-Fi, iachie kazi ya kuhesabu bidhaa peke yake. Benki, barua pepe na malipo yafanyie kwenye simu au kompyuta nyingine inayopata masasisho. Mwulize aliyekutengenezea programu kama ina toleo jipya. Wakati ukisubiri jibu lake, mwite fundi ainakili diski nzima kwenye SSD, ili diski ya zamani ikikata roho, duka lifunguliwe kesho yake.